Kantini: vumbi njo inaua chumba cha baridi, haiko uzee

Samaki ya Thomson inafanya safari ndefu kupita ile wengi kati yetu watafanya mu maisha yao yote. Wanaivua mu bahari ya Namibia, wanaigandisha, inapanda lori ya baridi, inavuka Zambia, inangoja ku Kasumbalesa mu mustari wa malori, kisha inafika Lubumbashi, na kutoka pale inapanda tena mpaka Likasi na Kolwezi. Njia hii yote kuko mutu mwenye kuchunga baridi yake. Dereva anajua kama mashini ya lori ikizima, mali imekwisha. Halafu samaki inafika ku kantini yetu, inaingia mu chumba cha baridi, na ni pale, mita makumi mbili tu mbele ya sahani ya mufanyakazi, njo inaharibika.

Mu mikutano ya sindika tunasemaka mambo ya mushahara, prime, matunzo ya wagonjwa na basi ya kupeleka watu ku kazi. Chumba cha baridi hakuna mutu anakisemaka, mpaka siku ile posti nzima ya usiku inashika tumbo. Siku ile kila mutu anakuwa fundi. Mumoja anasema mashini imezeeka. Mwingine anasema ni SNEL. Wengine wanamuangukia mupishi, na hakukosekane wa kusema kama kuko mutu aliroga chakula.

Mimi niko mudelege, siko frigoristi. Lakini nimesimama mara mingi kando ya mafundi wakifungua hizi mashini, na nimewauliza maswali mpaka wakachoka na mimi. Wote wananiambia karibu neno moja: kompresere nyingi zinakufa kabla ya wakati wao, na mara mingi ni vumbi, barafu, mulango mubaya na umeme wa kuruka-ruka njo vinaziua. Mambo matatu ya kwanza yanaombaka brosi, ndoo ya maji ya sabuni, na mutu mumoja mwenye kazi hiyo imeandikwa ku jina lake. Ile ya mwisho, yule mutu mumoja, njo inakosekana.

Mashini haitengenezi baridi

Hapa inafaa tusimame kidogo, juu mutu akielewa hii, ingine yote inakuja yenyewe. Mashini ya baridi haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kuitupa inje. Ndani ya chumba kuko evaporatere, ile yenye mabomba na vipepeo vyake. Mule gazi ya maji-maji inageuka mvuke, na wakati inageuka, inavuta joto ya samaki na nyama, sawa vile kitambaa chenye maji kinavuta joto ku paji la mutoto mwenye homa. Kompresere inakamata ule mvuke, inaukandamiza kwa nguvu na kuusukuma inje, mu kondansere. Mule gazi inatupa joto mu hewa, inarudia kuwa maji-maji, na inaanza tena safari yake.

Sasa, kondansere ni mabati membamba, mamia yamepangwa karibu-karibu, na kipepeo kinapitisha hewa katikati. Vumbi ikijaa mule, hewa haipite. Joto haitoke. Kompresere inasukuma, inasukuma, presio inapanda, umeme unakuliwa bure, na mwisho nyaya za ndani zinaungua. Ni sawa na kumuambia mutu akimbie posti nzima huku amefunikwa blanketi.

Na vumbi, watu wa Kolwezi hamuhitaji nieleze. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, malori ya madini yanapita usiku na muchana, majani ya miembe yanageuka mekundu. Kitabu cha mashini kikisema usafishe kondansere kila miezi tatu, kiliandikwa na mutu mwenye hakuona barabara zetu. Ku migodi, wakati wa jua, kila wiki mbili si mingi. Wakati wa mvua, mara moja ku mwezi.

Kazi yenyewe haifiki saa moja. Unakata umeme ku disjonktere, haiko ku butoni tu, na unatia kadenasi ao unaacha mutu pale juu asiwashe. Unapitisha brosi laini kufuata njia ya mabati, kutoka juu kwenda chini, hapana kukata katikati, juu yanapindika na njia ya hewa inajifunga. Kisha maji ya sabuni, presio ndogo, kutoka upande wa ndani kusukuma uchafu inje. Pompe ya kuosha malori usiilete hapa. Inalaza mabati yote, na utakuwa umefanya mubaya kupita vumbi. Unangoja ikauke, unawasha, unatia mukono mbele ya kipepeo: ile hewa inapaswa kutoka na joto. Kama inatoka baridi na mashini inanguruma, kuko neno ingine, ita fundi.

Mufuko wa magazinye

Niwaambie juu ya nini nimeshikilia hii habari. Ku kantini ya sutretan mumoja, miaka kadhaa iliyopita, watu walirudi siku ya kwanza ya juma wakakuta chumba kina joto na makarto ya Thomson yamelainika, maji mekundu mu sakafu. Kampuni haikuuliza mashini kwanza. Iliuliza magazinye. Yeye njo alikuwa na ufunguo, yeye njo aliandikiwa barua, na wakapanga kukata bei ya samaki ku mushahara wake kidogo-kidogo. Baba wa watoto sita.

Delegasyo ilikataa kutia sinyature mbele mashini ifunguliwe mbele yetu. Fundi alikuja, akatoa bati la inje. Kondansere ilikuwa imevaa vumbi nene sawa blanketi ya jeshi, na ndani yake kiota cha panya na karatasi za sukari. Tukauliza: mara ya mwisho mutu alisafisha hapa ni lini? Hakuna jibu. Nani anapaswa kusafisha? Ba kantini wakasema ni ba mantenansi. Ba mantenansi wakasema wao ni wa mashini za kazi, mambo ya kantini haiwahusu. Kontra ya ule sutretan ilikuwa na ukurasa mbili juu ya bei ya sahani, na hata musitari moja juu ya mashini haikuwamo.

Barua ya magazinye ilirudishwa. Lakini angalieni: ingekuwa kaye inalala pale ku mulango, yenye tarehe na jina, hata ile barua isingeandikwa. Kaye ya baridi inamuchunga mufanyakazi mbele ya kuchunga samaki. Hii si maneno mazuri tu, mimi nimeona.

Basi kaye hiyo iko hivi. Termometre inatundikwa ndani, mbali na mulango na mbali na kipepeo. Asubuhi mbele mulango haujafunguliwa mara ya kwanza, na mangaribi kisha kazi, magazinye anasoma na anaandika. Chumba cha kugandisha kinapaswa kuwa ku digri 18 chini ya zero ao chini zaidi. Chumba cha mboga, maziwa na nyama ya leo na kesho, kati ya zero na 4. Ukiona 18 imekuwa 15, kesho 13, kesho kutwa 11, mashini inakuambia iko mugonjwa siku tatu mbele ya kufa. Mutu mwenye kuandika anaona. Mwenye kuangalia tu anasahau.

Barafu, saa na mulango

Watu wanafikiri barafu nyingi ku evaporatere ni alama ya mashini kali. Ni kinyume. Barafu ni sawa koti: inafunika mabomba, joto ya samaki haifike ku gazi. Vyumba vingi vina risistansi za kuyeyusha ile barafu zenyewe, na saa ndogo yenye kuamuru. Hapa kuko jambo moja mafundi wetu wanalijua, lakini ma-shefu hawalijue: ile saa ya zamani ya meno inazungukaka na umeme. SNEL ikikata saa tano, saa nayo inasimama saa tano. Kisha wiki mbili za delestaji, mashini iliyopangwa kuyeyusha barafu saa nane ya usiku inayeyusha saa sita ya muchana, wakati wapishi wanafungua mulango kila dakika. Joto inaingia mara mbili. Mutu arudishe saa mahali pake kila juma, ni dakika mbili na turnavisi.

Na tafazali, hapana kisu. Hapana bayoneti, hapana chuma ya kupasua barafu. Bomba la aluminiumu ni jepesi, tundu moja dogo na gazi yote inakwenda. Unazima, unafungua, unaacha kipepeo, unangoja. Samaki unaihamisha mbele, unaifunika.

Mulango nao. Kata noti ya franka 500, ninataka kusema itie, usiikate, katikati ya mulango na mpira wake, funga, kisha vuta. Kama inatoka bila kushikwa, hewa nayo inatoka vile. Zunguka mulango wote hivyo, juu, chini, ku pembe. Mpira unaoshwa kwa maji ya moto kidogo na sabuni, juu mafuta ya samaki yanaukausha na kuupasua. Mpira mupya bei yake ni ndogo sana mbele ya kompresere mupya. Makarto yasigusane na ukuta, acha nafasi ya kiganja, wala yasizibe mudomo wa kipepeo. Na sufuria ya maharagi yenye kutoka ku moto, ikae inje kwanza ipunguke joto, isiingie mule ikitoa moshi.

Umeme na gazi

Laini ya umeme ya Inga inakuja mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1700, tangu miaka ya 1980. Nzilo na Nseke ziko hapa karibu, ku Lualaba. Waya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda ku kuyeyusha shaba, na mu cité mama anawasha mishumaa. Hiyo ni habari ya siku ingine. Ya leo ni hii: kukatika kwenyewe hakuui kompresere sana. Kurudi njo kunaua. Umeme unarudi mudogo, unapanda, unaruka, unakatika, unarudi tena kisha nusu dakika. Kompresere inajaribu kuanza wakati presio bado iko juu, haiwezi, inaungua. Kwa hiyo umeme ukirudi, ngoja dakika tano mbele ya kuwasha. Kuko kifaa kidogo cha kungojesha chenyewe, na kwa mashini kubwa za waya tatu kuko kingine cha kuzima kama waya moja inakosekana. Kampuni yenye inanunua malori haiwezi kutuambia kama haina feza ya kile.

Sasa gazi. Hapa tunaibiwa. Gazi ya mashini ya baridi haikuliwe sawa esansi. Inazunguka mu bomba lenye kufungwa, miaka na miaka, ileile. Kama imepunguka, inatoka mahali. Fundi mwenye kuja kila miezi mitatu "kuongeza gazi", kutia fakture na kwenda, bila kutafuta tundu, anauzisha maji mu kitunga. Mumuombe apake povu ya sabuni ku maungano yote, aangalie kwenye kuko alama ya mafuta, afunge tundu, atoe hewa na pompe, kisha njo ajaze.

Tena aseme ni gazi gani. Mashini nyingi za zamani ziko na R22, yenye inaharibu ile hewa ya juu yenye kutukinga na jua kali. Ni mambo ya Mapatano ya Montreal ya 1987, na inchi yetu imo. Kwa inchi kama yetu R22 inapaswa kuisha mu 2030, na kadiri mwaka ule unakaribia itakosekana na bei itapanda. Kampuni yenye kununua leo mashini ya okazyo ya R22 kwa ajili ya kantini inanunua matatizo. Frigo ndogo za kisasa nazo nyingi ziko na R600a ao R290: hizo zinawaka moto. Zimeandikwa ku kibao nyuma. Fundi asifike pale na sigara wala na shalimo mbele ya kutoa gazi yote na kufungua madirisha.

Samaki yenye haina harufu

Kuko wenye kusema: samaki imelainika kidogo, tukaange muzuri, moto unaua yote. Kwa Thomson, hapana. Samaki ya jamii yake, na makrelo, na thon, ikikaa mu joto, mikrobi zinatengeneza ndani ya nyama yake kitu kinaitwa istamini. Ukiirudisha ku barafu, istamini inabaki. Ukiikaanga mpaka ikauke, inabaki. Inaweza hata kuwa haina harufu mubaya. Mutu anakula, na kisha dakika chache ao saa moja hivi uso unakuwa mwekundu ao unawaka moto, mwili unawasha, kichwa kinapiga, moyo unakimbia, tumbo linafunguka. Watu wa sahani moja wanapatwa pamoja, njo pale neno la uchawi linaanza. Ni baridi ilikatika, basi. Wapelekwe ku dispansere haraka, zaidi mwenye kukosa pumzi, na museme ku munganga kama walikula samaki.

Na kuko hatari ya wale wanaoingia mule. Mulango wa chumba cha kugandisha unapaswa kufunguka kutoka ndani, hata kama wamefunga kadenasi inje. Jaribuni kila wiki: mutu mumoja ndani, mumoja inje, mulango unafungwa, wa ndani anasukuma. Barafu inashikaka kile kifungulio, na siku ya haja hakiende. Maji ya kuyeyuka yakizibwa mu bomba yanageuka kioo ku sakafu, na mupishi mwenye sufuria anavunja kiuno. Jenereta ikae inje kabisa, moshi wake usiingie ku jikoni. Na kama gazi imetoka nyingi mu chumba chenye kufungwa, toka kwanza, uliza kisha: inafukuza hewa ya kupumua.

Tunaomba nini

Kodi ya kazi ya 2002 inatupatia Komite ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Mu kampuni mingi ile komite inasemaka kofia, viatu na mashimo. Ni vizuri, iendelee. Lakini jikoni nako ni mahali pa kazi, na sahani ya mufanyakazi inatoka pale. Ku mukutano wenye kuja, mudelege aombe vitu vine viandikwe mu proseverbali: jina la mutu wa kusafisha kondansere na tarehe zake, kaye ya digri ku mulango, fakture za fundi zionyeshwe, zenye kusema tundu ilikuwa wapi, na mu kontra ya sutretan wa chakula, musitari wa kusema nani analipa kompresere ikikufa. Huu wa mwisho wataukataa kwanza. Mukaze. Musitari huo ukikosekana, bei inashukaka mpaka kwa mutu mudogo kabisa, yule wa ufunguo.

Kwa ba mama wenye kongelatere ku nyumba, wenye kuuzisha maji ya saketi na Thomson ya rejareja: mambo ni yaleyale, paka madogo. Mabomba meusi ya nyuma yapanguswe vumbi, kongelatere isibanwe ku ukuta, barafu ikifika unene wa kidole uyeyushe. Kama delestaji imefika, usifungue kuangalia. Kongelatere yenye kujaa na kufungwa inaweza kushika baridi siku mbili, ya nusu siku moja. Kama haijai, tia chupa za maji mu nafasi zenye kubaki, zitageuka barafu ya kukusaidia. Umeme ukirudi, gusa samaki. Ile yenye bado ngumu ao yenye barafu ndani irudi. Ile yenye kulainika lakini ingali na baridi ya frigo, ipikwe leo. Ile yenye kuwa na joto ya nyumba, hata kama inaumiza, hata kama ni karto nzima, isiende ku soko.